Dada, Nikuachie Paka

Ilikuwa Jumapili jioni, nimetoka zamu ya mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi, na lifti ya jengo letu hata umeme ukiwepo haifanyi kazi. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya saba kwa tochi ya simu, nikavua viatu, nikatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Hapo hapo nikasikia hodi.

Alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya tisa, kaka mmoja wa Pangani. Anauza makava ya simu na chaja barabarani, na sisi Watanzania wa hapa Hillbrow tunamjua kwa upole wake. Mkononi alishika begi la shangazi kaja lililofungwa zipu nusu, na kwenye ule uwazi kulichungulia kichwa cheusi chenye macho ya njano. Huyo ni Chausiku, paka wake. Alimwokota usiku akiwa mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja, ndiyo maana akamwita hivyo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada. Samahani kukusumbua, najua umechoka. Naomba nikuachie Chausiku. Nasafiri."

"Unaenda wapi?"

"Mbali kidogo."

Alikuwa amekuja na kila kitu: bakuli lake, mfuko wa dagaa wakavu kutoka soko la Yeoville, kitambaa anacholalia, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Nakiri kwenu kwamba nilikuwa nimeshanyoosha mikono kumpokea. Jengo letu lina panya wasioogopa mtu, na paka nilimtaka siku nyingi. Isitoshe, miguu ilikuwa inaniwaka, nilitaka tu kulala. Kilichonizuia ni ile kadi. Mtu anayesafiri wiki mbili hakuachii kadi ya chanjo. Anayekuachia kadi hategemei kurudi.

Nikamwambia, "Kaka, ingia kwanza, ukae."

Alikaa pembeni ya kitanda, begi mapajani. Nikavuta pumzi, nikamuuliza kwa upole lakini waziwazi: "Kaka, unafikiria kujiua?"

Alinyamaza muda mrefu. Chausiku akatoka kwenye begi, akaenda kunusa beseni langu la maji. Kaka alimtazama huko alikokwenda, kisha akasema, "Mambo mengine yote nimeshayamaliza, dada. Amebaki huyu tu."

Swali ambalo wengi tunaliogopa

Naandika haya kwa ruhusa yake, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Alinikubalia kwa sharti moja, kwamba nimtaje paka kwa jina lake halisi.

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliipata nyumbani, shahada nikaimalizia huku ugenini, na kote kuwili tulifundishwa jambo moja ambalo bado linawashangaza watu wengi: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Kama wazo lipo, lipo tayari. Swali linampa mahali pa kulitua. Nyumbani tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Tulifundishwa pia dalili za hatari. Mtu anaanza kuaga kwa namna isiyoeleweka. Analipa madeni madogo madogo ghafla. Anatulia baada ya wiki za huzuni, kana kwamba ametua mzigo. Anagawa vitu anavyovipenda. Kwa mwenye mnyama, kitu cha mwisho kugawa mara nyingi huwa ni huyo mnyama, kwa sababu hawezi kumwacha bila mtu. Kwa hiyo ukiona mtu aliyempenda paka au mbwa wake kama mwanawe anamtafutia makao mapya bila sababu ya kueleweka, usifurahie zawadi. Uliza.

Upweke wa katikati ya watu

Anayeijua Hillbrow atauliza: inawezekanaje mtu awe mpweke hapa? Mtaa ni mdogo, lakini maghorofa yamesongamana kama meno. Juu yetu umesimama ule mnara wa simu wa mita 269, uliokamilika mwaka 1971. Upande wa Berea kuna Ponte, jengo la mviringo lenye ghorofa zaidi ya hamsini. Chini ukipita utasikia Kizulu, Kilingala, Kishona, Kiingereza cha Kinaijeria na Kiswahili cha Bukavu, vyote ndani ya dakika tano. Chumba kimoja kinagawanywa kwa mapazia na kulala watu sita.

Lakini kulala karibu na mtu si kujulikana naye. Kaka huyu alifiwa na mama yake mwaka mmoja kabla ya Jumapili ile. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekwisha muda. Angetoka nchini, angepigwa marufuku ya kurudi kwa miaka, na vibanda vyote alivyojenga kwa jasho vingeishia hapo. Basi alituma pesa za sanda na za chakula cha matanga, akatazama maziko ya mamaye kwenye skrini ya simu, picha ikikatika kila mara. Kesho yake alirudi barabarani kuuza makava. Watu walimpa pole siku tatu. Baada ya hapo, simu za nyumbani zikawa za kuomba ada za shule.

"Nikirudi jioni," aliniambia, "hakuna anayejua kama nimekula. Ila huyu anajua kwamba yeye hajala. Ananipigia kelele mlangoni. Basi nafungua kopo la samaki, tunakula wote."

Kwa miezi kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake ya kupanda ghorofa tisa kila jioni. Sababu za watu wengi za kuishi ni ndogo ndogo kama hiyo. Ni mdomo unaosubiri saa kumi na mbili.

Utafiti unasema nini

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Je, mnyama wa nyumbani anaweza kuzuia hata kimoja cha vifo hivyo?

Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Hiyo ndiyo homoni inayofanya kazi mama anaponyonyesha. Kwa hiyo mtu anayesema "huyu ni mwanangu" hazungumzi upuuzi.

Mwaka 2016 Helen Brooks na wenzake walichapisha mahojiano na watu 54 wenye maradhi ya akili ya muda mrefu huko Manchester na Southampton, Uingereza. Waliwapa mchoro wa duara tatu, moja ndani ya nyingine, wakawaomba wapange humo watu na vitu vinavyowasaidia kuishi na ugonjwa. Wengi wa waliotaja mnyama walimweka katika duara la ndani kabisa. Walieleza kwamba mnyama hawaulizi maswali na hawaoni kuwa mzigo. Wengine walisema anawatoa katika mawazo ya kujiua kwa kudai tu kulishwa au kutolewa nje.

Huku Afrika Kusini tuliliona hilo kwa macho mwaka 2020. Tarehe 27 Machi nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona, hata kumtembeza mbwa barabarani kulipigwa marufuku. Wapo waliocheka. Sisi wa wodini hatukucheka, kwani tunawajua wagonjwa ambao ile robo saa ya kumtembeza mbwa ndiyo salamu zao pekee na binadamu wengine kwa siku nzima.

Pamoja na hayo, nisiwadanganye. Tafiti kubwa zinazolinganisha wafugaji na wasiofuga hazikubaliani. Nyingine zinaona nafuu, nyingine hazioni tofauti yoyote. Mnyama si dawa ya sonona. Hawezi kupiga simu ya msaada, na hawezi kukaa nawe kwenye foleni ya kliniki. Anachoweza ni kumchelewesha mtu. Kuchelewesha kuna thamani kubwa, kwa sababu mawimbi ya hamu ya kufa hupanda na kushuka, na mara nyingi saa mbaya kabisa hupita. Lakini wakati anachelewesha, lazima binadamu mwingine afike.

Saa 72

Narudi kwa jirani yangu. Nilimwambia usiku ule ule twende hospitali. Akatikisa kichwa.

Niliposubiri aseme anaogopa polisi, hakulisema hilo, ingawa ningemwelewa. Nyumbani Tanzania, Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa hivyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Afrika Kusini si kosa. Na kuhusu karatasi, ibara ya 27 ya katiba ya hapa inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Imesema hakuna, haikusema hakuna raia. Mtu mwenye hatari ya kujiua ni dharura.

Yeye aliuliza jambo jingine: "Watanilaza siku ngapi?"

Nikamweleza ukweli. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 2002 inaweka kipindi cha saa 72 cha kumchunguza mgonjwa ambaye hawezi kukubali matibabu au anayakataa. Akikubali mwenyewe ni nafuu zaidi, ila siku chache angelala.

"Na Chausiku?"

Mpenzi msomaji, kuna watu wanaokataa kulazwa kwa swali hilo hilo. Nimewahi kumsikia mgonjwa akiuliza habari ya mbwa wake mara nne, na kila mara akajibiwa kwamba ajifikirie kwanza yeye mwenyewe. Mtu anayejiona hana thamani hawezi kujifikiria yeye mwenyewe. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Anaweza kumfikiria mbwa. Ukilipuuza swali lake, umeufunga mlango pekee aliouacha wazi.

Nikamwambia, "Nipe ufunguo wa chumba chako. Chausiku atalala kwenye kitanda chake mwenyewe, nami nitapanda asubuhi na jioni kumlisha. Sitamchukua awe wangu. Namtunza mpaka urudi."

Alinitazama kwanza, kisha akatoa ufunguo mfukoni. Lile neno "mpaka urudi" ndilo alilolishika, aliniambia baadaye.

Tulimrudisha paka juu, tukashuka ngazi pamoja. Kijana wa Kikongo wa ghorofa ya tatu, dereva, alitupeleka wala hakutaka nauli. Nilikaa naye hadi usiku wa manane. Kwenye karatasi ya mapokezi kulikuwa na nafasi ya mke, watoto na ndugu wa karibu. Zote aliandika hakuna. Daktari kijana aliyekuwa zamu akamuuliza, "Nyumbani unaishi na nani?" Akajibu, "Na paka." Yule daktari hakucheka. Aliandika, kisha akauliza paka anaitwa nani.

Alilala siku nane. Kila siku ya kuwatazama wagonjwa nilimpelekea picha moja kwenye simu yangu: Chausiku juu ya jiko, Chausiku dirishani, Chausiku na mkia wa panya mdomoni. Alianzishiwa dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi vizuri, na akapangiwa miadi ya mazungumzo. Alipotoka alipanda ghorofa zote tisa bila kupumzika. Nilibaki chini na mfuko wake. Paka, kama walivyo paka, alimpa mgongo kwa saa nzima kabla ya kwenda kumlalia mapajani.

Paka wetu, mbwa wao

Wapo watakaosema kufuga mnyama chumbani ni mambo ya Wazungu. Sidhani. Nenda Lamu, uone paka wanavyosubiri wavuvi bandarini, na hakuna anayewafukuza. Mwenzake Mtume anayejulikana zaidi kwa kupokea hadithi, Abu Huraira, jina lake hilo ni baba wa kipaka. Na tumesimuliwa madrasani kuhusu mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wapo miongoni mwetu wasioingiza mbwa ndani kwa sababu ya tohara, na hilo liheshimiwe. Lakini huruma kwa mnyama hatukujifunzia ughaibuni.

Tusichokizoea ni kumchukua mtu kwa uzito anaposema, "Huyu paka ndiye ananiweka hapa." Tunacheka, tunamwambia aoe. Mwenzetu pale ametuambia jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kutuambia.

Ufanye nini

*Uliza habari za mnyama, kisha uliza habari za mtu.* "Chausiku hajambo? Na wewe, unalala?" Wanaume wetu wengi hawawezi kusema "nimechoka kuishi", lakini wataweza kusema "siku hizi nasahau kumlisha". Hiyo nayo ni dalili.

*Usimtumie mnyama kumtia mtu hatia.* Usimwambie "ukifa atakufa njaa." Anayefikiria kufa tayari amejaa hatia. Mwambie utamsaidia kumlisha, na kwamba unamtaka yeye arudi amlishe mwenyewe.

*Shika ufunguo wa pili.* Kama una jirani au ndugu anayeishi peke yake na mnyama, kubalianeni mapema nani atamtunza akiugua. Liandikeni hilo pamoja na mambo mengine: dalili za siku mbaya, watu wawili wa kupigiwa simu usiku, na vitu vya hatari vitakavyowekwa mbali naye. Wauguzi tunaita mpango wa usalama. Nafasi ya kuishi ya mtu inaweza kutegemea karatasi moja kama hiyo ukutani.

*Usimnunulie mwenye sonona mnyama kwa ghafla.* Mnyama ana gharama ya chakula, na hapa Afrika Kusini sheria inataka mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mwenye nyumba naye huenda hataki. Mtu asiyeweza kuamka kitandani akipewa kiumbe kinachomlilia, atajiona ameshindwa mara mbili. Akitaka mwenyewe, nendeni pamoja SPCA mkachague, na mkubaliane nani anasaidia nini.

*Mnyama akifa, kaa karibu.* Kwa mtu wa aina hii ni msiba kamili. Usiseme "ni paka tu, utapata mwingine." Mpe pole, nenda nyumbani kwake, mpigie tena wiki ya pili, wakati wengine wameshasahau.

*Usibebe peke yako.* Mtu akikwambia ana nia na amepanga, usimwache peke yake na usikubali kuwa mtunza siri. Mpeleke hospitali au piga simu. Afrika Kusini, shirika la SADAG lililoanzishwa mwaka 1994 lina simu ya bure saa 24 kwa mawazo ya kujiua: 0800 567 567. Dharura kwa simu ya mkononi ni 112. Uingereza, Samaritans ni 116 123. Marekani na Kanada ni 988. Kenya, Befrienders ni 0722 178 177. Nyumbani Tanzania, nenda hospitali iliyo karibu. Kama Kiingereza kinamkwama, kaa pembeni yake mkipiga, umsemee.

Ufunguo kwenye msumari

Sitawaambia kwamba jirani yangu amepona na mambo yamekwisha. Karatasi zake bado hazijakaa sawa. Kaburi la mamaye bado hajaliona. Kuna siku nakutana naye ngazini, naona uso wake, najua ni siku mbaya, na tunazungumza pale pale gizani, mifuko ya sokoni miguuni. Miadi yake ya kliniki anaenda. Mara mbili alinigongea usiku bila paka, akasema tu, "Dada, leo si nzuri." Nikaweka chai.

Ule ufunguo wake sikuurudisha, wala hakuuomba. Unaning'inia kwenye msumari karibu na friji yangu, na wangu mimi unaning'inia kwake. Nami naishi peke yangu, nina zamu za usiku, na sina paka. Wiki iliyopita nilipougua mafua sikutoka siku mbili. Siku ya pili jioni nikasikia mlango ukifunguliwa taratibu. Alikuwa kaka, na sufuria ya uji. Nyuma yake, mkia juu, alikuja Chausiku kukagua kama nina samaki.